Sekenke: machimbo ya Iramba yaliyotoa dhahabu ya sarafu ya tembo ya 1916

MLETA UZI

Habari za Jumapili wakuu.

Ukipanda basi la Singida kwenda Mwanza, ukishapita Misigiri unaufikia mteremko ambao wazee wa njia ile wanauheshimu mpaka leo. Ndio Sekenke. Kabla ya lami, lori lililokatika breki pale halikuwa na pa kukimbilia. Makondakta walishuka na magogo mkononi, tayari kuweka kigingi kwenye tairi, na akina mama walikuwa wanasali kwa sauti. Ukimaliza kuteremka unaingia Shelui, mbele yake mbuga ya Wembere imelala kama mkeka, halafu Igunga. Watanzania wengi wakisikia Sekenke wanakumbuka mlima wa ajali, basi.

Mimi nimezaliwa Shelui. Babu yangu mzaa baba alifanya kazi kwenye mgodi wa Sekenke enzi za Mwingereza. Nimeona humu nyuzi nyingi za Geita, Chunya, Nyamongo na Mererani, na kila mara mtu akiandika kwamba uchimbaji wa dhahabu nchini ulianzia Geita, nasikia vibaya. Sio kwa ubishi. Ni kwa sababu mgodi wa kwanza kuzalisha dhahabu katika nchi hii ulikuwa kwetu, na waliouchimba hakuna anayewataja.

Tuanze na jiwe lenyewe. Iramba imekaa juu ya miamba ya zamani sana, ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, ya ukanda uleule unaoelekea Nzega. Ndani ya miamba hiyo inapita mishipa ya mawe meupe, yale ya kwatzi, na dhahabu imekaa humo. Usukumani Wajerumani walishajua kuna dhahabu tangu miaka ya 1890, ila kujua ipo na kuitoa ni vitu viwili tofauti. Ya Sekenke waliigundua 1907, na mwaka 1909 mgodi ukaanza kutoa.

Hebu fikiria mwaka huo 1909. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912. Maana yake siku mgodi unaanza, treni bado haijafika hata Dodoma. Kila chuma cha pale, kila nondo, kila pipa, kilimalizia safari yake porini bila reli. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma.

Na watu walipatikanaje? Hapa ndipo watu wengi wanaruka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1890 Mjerumani aliweka kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya shamba. Mkulima wa mtama na uwele wa Iramba hana rupia. Ana ng'ombe, ana mbuzi, ana ghala. Rupia ipo kwa Mjerumani, na njia ya kuipata ni kumfanyia kazi. Kulikuwa na kipande pia: kadi ya siku 30 za kazi, na siku uliyofanya ndiyo inayohesabiwa. Ukikaa nyumbani wiki nzima kwa kuuguliwa, kadi haisogei. Kwa hiyo mtu akikwambia wazee wetu walivutiwa na utajiri wa dhahabu, mwambie walivutwa na kodi.

Nitaendelea baada ya chakula cha mchana, nataka kuandika vizuri habari ya sarafu.

MCHANGIAJI WA 1

Mkuu endelea, tupo. Mimi ni wa Kiomboi, shuleni tulifundishwa mpaka Williamson na almasi zake Mwadui, ila Sekenke haikutajwa hata mstari mmoja.

MCHANGIAJI WA 2

Mleta uzi, je, machimbo ya Kirondatal nayo ni ya enzi hizo? Jina lake nimelishangaa siku zote, halifanani na Kinyiramba.

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Kirondatal, umegusa penyewe. Hiyo "tal" ya mwisho ni Kijerumani, maana yake bonde. Bonde la Kironda. Mjerumani kaondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita, neno lake limebaki limeng'ang'ania jina letu na sisi tunalitamka kama la kwetu. Na sio hilo tu. Rupia ya Kijerumani tangu 1904 iligawanywa kwa Heller 100, na ndipo tulipopata neno "hela". Kila siku unapomuuliza mtu "una hela?", unaitaja sarafu ya Mjerumani.

Sasa tuje kwenye sarafu.

Vita kuu ya kwanza ilipoanza 1914, meli za Uingereza ziliifunga pwani. Hakuna fedha inayoingia kutoka Ujerumani. Ndani ya nchi kuna jeshi linalohitaji kulipwa, askari wetu weusi, wapagazi, na wafanyabiashara wanaouza chakula. Serikali ikachapa noti za muda kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Watu wakazikataa, na walikuwa na haki ya kuzikataa: karatasi ya serikali inayokimbia vita utaipeleka wapi? Gavana Schnee na serikali yake walishaondoka Dar es Salaam kuingia bara, mwisho wakakaa Tabora. Ndipo, mwaka 1916, ndani ya karakana ya reli ya Tabora, wakaanza kugonga sarafu wao wenyewe. Walitengeneza za Heller 5 na Heller 20 kwa shaba nyeupe na shaba nyekundu waliyookoteza. Na wakatengeneza moja ya dhahabu, ya rupia 15.

Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke.

Upande mmoja ina tai wa Kijerumani na maandishi ya koloni. Upande wa pili ndio unaofanya wakusanyaji wa sarafu duniani waihangaikie: tembo anatembea, mkonga umeinuka juu, meno yametokeza, nyuma yake milima. Chini mwaka 1916, na herufi T, yaani Tabora. Zilitoka sarafu 16,198. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu safi.

Nimepiga hesabu. Gramu 5.376 za dhahabu safi mara 16,198 ni kama kilo 87. Ukiziyeyusha zote hazijazi dumu la mafuta la lita tano. Dumu moja lisilojaa, ndiyo kazi ya watu wangapi, siku ngapi, kodi za nyumba ngapi? Na leo sarafu moja tu katika hizo inauzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola.

Nimewahi kuishika moja. Miaka ya nyuma, Dar es Salaam, mzee mmoja mkusanyaji aliposikia natoka Iramba aliinuka bila neno, akaingia chumbani, akarudi na kijaluba cha pamba. Akaniwekea kiganjani. Nilitegemea kitu kikubwa. Ni ndogo, kipenyo chake kama sentimita mbili na kidogo, ila kiganja kinajua mara moja kwamba hiki sio chuma cha kawaida. Rangi yake haikuwa ile njano kali ya hereni za sonara, imepoa kidogo, na kwenye sikio la tembo palikuwa na mkwaruzo. Nikakaa nayo kimya. Mzee akaniuliza, "Unaonaje?" Nikamwambia naona kwetu. Alinipikia chai ya maziwa na tukaongea mpaka magharibi.

Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, na mambo ya sarafu yakaishia hapo.

MCHANGIAJI WA 3

Mkuu, asante sana kwa hili somo. Swali: je, ile milima iliyo nyuma ya tembo ndiyo Sekenke? Maana ingekuwa heshima kubwa.

MLETA UZI

Natamani ningekujibu ndiyo. Wengi wanasema imechorwa Kilimanjaro, na ukiitazama ile kilele chake inafanana zaidi na huko kuliko na ukingo wetu wa bonde la ufa. Dhahabu ilikuwa ya Iramba, picha ikawa ya sehemu nyingine. Hilo limeniuma tangu siku niliyoligundua, lakini siwezi kulibadilisha.

Tuendelee na Mwingereza.

Baada ya vita mali za Wajerumani zilishikwa kama mali za adui na kuuzwa. Sekenke ikafunguliwa upya. Kilichoipa nguvu zaidi ni bei: mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 mpaka dola 35 kwa aunsi, na Tanganyika nzima ikachangamka. Lupa kule Chunya ilikuwa imejaa wachimbaji, Geita mgodi ukafunguliwa miaka hiyohiyo, na kwetu mashine zikarudi kuunguruma.

Ila bei ileile ndiyo iliyotuua baadaye. Ilikaa dola 35 mpaka 1971. Mishahara inapanda, mafuta yanapanda, vipuri vinapanda, shimo linazidi kwenda chini na maji yanazidi kuingia, lakini aunsi ni dola 35 vilevile. Hakuna mgodi unaoweza kuhimili hali hiyo. Sekenke ilifungwa miaka ya 1950. Geita yenyewe, na ukubwa wake wote, ikafungwa 1966, na Kiabakari hivyohivyo. Watu wanaodhani migodi ya zamani ilifungwa kwa sababu dhahabu iliisha wanakosea. Iliyoisha ni faida. Dhahabu ilibaki chini, na ndiyo maana wajukuu wamerudi kuifuata.

Babu yangu aliingia pale akiwa kijana, akisukuma toroli za mawe, baadaye akashushwa chini kwenye mwamba. Alikuwa hapendi kusimulia. Ukimuuliza chini kulikuwaje, anasema "joto" na kunyamaza. Alichokuwa tayari kusimulia ni watu. Kwamba kambini kulikuwa na Wanyiramba, Wanyaturu, Wasukuma, Wanyamwezi, na watu wa mbali zaidi wa kusini. Kwamba Kiswahili chake, ambacho sisi wajukuu tulikiona kizuri kuliko cha mwalimu wetu, alikijifunza humo kambini, maana kijijini kwao watu waliongea Kinyiramba tu. Kwamba samaki wa ziwa Kitangiri waliletwa vichwani, wamekaushwa, na siku ya mshahara kambale mmoja alipanda bei mara mbili. Na kwamba mtu akifia chini, wenzake hawakushuka siku inayofuata mpaka azikwe, mkuu wa zamu apende asipende.

MCHANGIAJI WA 4

Mleta uzi, mimi nipo machimboni Shelui tangu 2012, nina duara mbili, yaani mashimo ya kuchimba, na wenzangu. Hiki ulichoandika kuhusu faida ni kweli tupu. Tukichimba tunakutana na njia za wazee, mashimo ya kulala, yaani yanayokwenda ubavuni, yaliyochongwa vizuri kabisa, mengine bado yana matimba, zile nguzo za miti za kushikilia mwamba. Ukiona hivyo unajua mwamba upo, maana wazee hawakufuata udongo bure. Ila pia ndipo hatari ilipo, yale mashimo yameshika maji na hewa mbaya.

MLETA UZI

Mkuu heshima kwako, wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri. Naomba unisahihishe nikikosea hapa, kwa sababu nataka wasiowahi kufika machimboni waelewe.

Leo Sekenke na vijiji vyake ni vya wachimbaji wadogo. Kuna mwenye leseni, ambayo kwa madini ya chuma na dhahabu ni eneo lisilozidi hekta 10 na hupewa Mtanzania tu. Kuna mwenye duara, yaani anayegharamia shimo: chakula, kamba, baruti, mafuta ya jenereta. Na kuna wachimbaji wenyewe, ambao mara nyingi hawana mshahara. Wanakula, wanachimba, na mawe yakitoka yanagawanywa viroba. Mwenye leseni anachukua fungu lake, mwenye duara lake, wao lao. Duara lisipotoa, miezi minne ya maisha yao imepita hivihivi.

Kiroba kikitoka kinaenda karasha, mawe yanapondwa, kisha yanasagwa yawe unga kama wa sembe. Halafu mwaloni, pale pa kuoshea. Hapo utaona ubao ulioinama, juu yake zulia, maji yanamwagwa na unga unateremka. Dhahabu ni nzito, inashikwa na manyoya ya zulia, tope linapita. Zulia linakung'utwa kwenye karai, inatiwa zebaki, mtu anasugua kwa kiganja mpaka zebaki ikusanye dhahabu. Kinachopatikana kinakamuliwa kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe kama punje ya mhindi, kinachomwa, zebaki inakwenda na moshi na kidonge kinageuka njano mbele ya macho yako.

Nimesimama mwaloni pale nikamtazama mama mmoja, mtoto mgongoni, viganja vyake ndani ya karai. Hakuvaa glovu. Alipochoma, moshi ulimpitia yeye na mtoto. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Minamata mwaka 2020, ule wa kupunguza zebaki duniani, lakini pale mwaloni zebaki inauzwa kwa kipimo cha kifuniko cha soda. Nawaomba wakuu mlio na uwezo wa kufika kule na elimu ya retota, kile chombo cha kuchomea chenye kifuniko kinachoirudisha zebaki isiende na moshi, msipite Shelui bila kusimama. Haichukui hata nusu siku kumfundisha mtu.

Jambo lingine la mwaloni ni marudio. Tope lililopita kwenye zulia bado lina dhahabu, wakati mwingine nyingi kuliko iliyokamatwa. Kwenye mialo mingi marudio ni mali ya mwenye mwalo, sio ya aliyeleta mawe. Anayalimbikiza kama vichuguu, mwisho anayauza kwa wenye mitambo ya sayanaidi, ile kemikali ya kuyeyushia dhahabu, au anayachenjua mwenyewe. Yule mama anaondoka na pointi mbili tatu, yaani sehemu za kumi za gramu, akiamini ameshamaliza mawe yake. Hili ndilo eneo ambalo, kama kuna mtu wa ushirika anasoma, lingeanza kushughulikiwa kesho.

Nisikose shukrani pia. Mwaka 2019 zilipoondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5 kwa wachimbaji wadogo, na masoko ya madini yakafunguliwa kuanzia Geita mwezi Machi mwaka huo, maisha yalibadilika. Zamani mnunuzi alikuja na mzani wake na bei yake, na giza likishaingia huna wa kumuuliza. Sasa mtu anaijua bei ya siku kabla hajatoka nyumbani. Mwaka huo 2019 alikatwa mrabaha asilimia 6 na ukaguzi asilimia 1, na akapewa karatasi yake.

MCHANGIAJI WA 4

Umesema sawa mkuu. Niongeze tu: kwetu siku hizi wapo wanaomwachia mwenye mawe sehemu ya marudio, hasa akileta viroba vingi. Ila lazima mkubaliane kabla hujawasha karasha. Ukiuliza baada ya kuosha, umechelewa.

MCHANGIAJI WA 1

Mleta uzi, hivi kuna chochote kilichobaki cha Mjerumani au Mwingereza ambacho mtu anaweza kwenda kukiona? Nataka niwapeleke wanangu likizo ya Desemba.

MLETA UZI

Utaona mashimo, mkuu, na vifusi vya mawe yaliyopondwa ambavyo mvua za miaka yote hazijavimaliza. Misingi ya nyumba ipo kwa anayejua pa kutazama. Vyuma vingi vimeshauzwa kwa wanunuzi wa skrepa, na siwezi kumlaumu aliyeuza, alikuwa na watoto wa kulisha. Nenda na mwenyeji, usiwaache watoto wasogelee shimo lolote hata linaloonekana kavu. Ukitoka hapo simama ukingoni mwa mlima jioni, uitazame Wembere. Kwa wakati huo wa jua la kuchwa hutajuta safari.

Na ombi langu kwa wote mlio na wazee Iramba, Mkalama, Igunga na Singida: waulizeni sasa. Mgodi ulifungwa miaka ya 1950, kwa hiyo kijana wa miaka 18 aliyefanya kazi siku ya mwisho leo ana zaidi ya 80. Muulize jina lake la kambini, aliyekuwa mwenzake wa zamu, kabila lake, waliimba nini wakivuta kamba. Rekodi kwa simu hata kama anaongea Kinyiramba mwanzo hadi mwisho, tutatafsiri.

Mimi kwa babu nilichelewa. Alifariki 1994 nikiwa bado mtoto wa shule. Nimebaki na taa yake ya kabaidi, ya shaba, ile ya kufunga kwenye kofia. Ina tangi mbili, ya juu maji, ya chini mawe ya kabaidi, na kidirisha kama sahani ndogo cha kurudisha mwanga. Mwaka juzi nilipata kabaidi kwa fundi wa kuchomelea vyuma, nikaweka vipande vitatu, nikatia maji, nikafungua kile kikoki. Kwanza ikatoka harufu kama ya kitunguu saumu, nikakumbuka ghafla kwamba koti la babu lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango lilikuwa na harufu hiyohiyo na sisi wote tulidhani ni ya jikoni. Nikawasha kiberiti. Ikashika mara ya kwanza.